Nani awe wa kwanza kwenye orodha? Chama kiamue, kompyuta itii

Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga. Siku hizi daftari la vyama vingi vya ushirika, saccos na maduka ya pembejeo limehamia kwenye kompyuta. Mali haipotei kirahisi kama zamani, lakini limeingia tatizo ambalo daftari la karatasi halikuwa nalo: daftari la kompyuta halina mstari wa kwanza wala mstari wa mwisho.

Kwenye daftari la karatasi, karani wa mizani huandika kwa kushuka. Mkulima aliyefikisha gunia lake saa mbili asubuhi yuko juu, aliyefika saa tatu yuko chini yake, na hakuna anayeweza kuwabadilisha bila kuchana ukurasa. Foleni ya pale ghalani inabaki kwenye karatasi kama ilivyokuwa. Kwenye kompyuta, mambo ni tofauti. Kumbukumbu zote zipo, kilo zipo, majina yapo, lakini foleni haipo mpaka mtu aiombe.

Jambo hili huonekana dogo mpaka siku kitu kinapopungua. Salfa imekuja mifuko 100 na waliojiandikisha ni 240. Mnunuzi ameleta nusu ya fedha na nusu nyingine imeahidiwa wiki tatu baadaye. Siku hiyo karani anabonyeza kitufe, orodha inatoka, na wa juu ndio wanaopata. Wa chini wakiuliza kwa nini wao wako chini, jibu wanalopewa ni moja: "Kompyuta ndivyo ilivyotoa."

Jibu hilo si sahihi. Kompyuta haijui nani anastahili kutangulia. Hutoa mistari kwa mpangilio ilioamriwa, na kama haikuamriwa, hutoa kwa mpangilio wowote ulio rahisi kwake. Ndiyo maana kila mwanachama wa chama cha msingi, na kila mfanyabiashara anayetumia programu ya mauzo, anafaa kuelewa orodha yake hupangwaje.

Gunia la maharage

Wataalamu huliita daftari la kompyuta kanzidata. Ndani yake kumbukumbu hukaa katika majedwali yenye mistari na safu. Mstari mmoja ni mkulima mmoja au mzigo mmoja uliopokelewa. Safu ni kama jina, tarehe, kilo na namba ya stakabadhi. Anayetaka taarifa huiuliza kanzidata swali, nayo hujibu kwa kutoa mistari inayohusika.

Msingi wa utaratibu huu uliwekwa mwaka 1970. Mwaka huo Edgar Codd, mwanahisabati mzaliwa wa Uingereza aliyekuwa mtafiti wa kampuni ya IBM huko California, Marekani, alichapisha makala iliyopendekeza kumbukumbu zitunzwe katika majedwali ambayo mistari yake haina mpangilio maalumu. Mwaka 1974 watafiti wengine wawili wa IBM, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, walieleza lugha ya kuyauliza majedwali hayo. Lugha hiyo ndiyo ikawa SQL, ambayo mwaka 1986 ilipitishwa kuwa ya kiwango rasmi nchini Marekani, na leo inatumika katika benki, kampuni za simu, maduka na ofisi za serikali duniani kote.

Ili kuelewa wazo la Codd, fikiria gunia la maharage. Ndani ya gunia hakuna punje ya kwanza wala ya mwisho. Ukilimwaga, punje zitatoka kwa utaratibu wowote, na ukilijaza tena na kulimwaga mara ya pili hazitatoka vilevile. Jedwali la kanzidata liko hivyo. Faida yake ni kwamba kompyuta inakuwa huru kutafuta njia ya haraka zaidi ya kujibu swali. Hasara yake humpata mtu anayedhani kwamba punje zimepangwa.

Kinachowapotosha wengi ni kwamba jedwali dogo na jipya mara nyingi hutoa mistari kwa utaratibu ule ule iliyoingizwa. Karani anaona msimu wa kwanza orodha imetoka sawa na foleni ya ghalani, msimu wa pili hivyo hivyo, naye anaamini kwamba hiyo ndiyo kanuni. Kumbe ni bahati tu. Ipo siku itakwisha, na itakwisha bila taarifa.

Zipo sababu kadhaa zinazoweza kuimaliza. Chukua programu ya PostgreSQL, ambayo hutolewa bure na inatumika sana. Karani akisahihisha kilo za mkulima, programu hiyo haifuti maandishi ya zamani na kuandika juu yake, bali huandika nakala mpya ya mstari huo mahali palipo na nafasi. Hivyo mkulima aliyekuwa wa pili kwenye orodha anaweza kujikuta mwishoni kwa sababu tu jina lake lilikosewa herufi moja na likasahihishwa.

Aidha, tangu toleo la 8.3 la mwaka 2008, programu hiyo hiyo ikikuta mtu mwingine tayari anasoma jedwali kubwa, inaweza kumuunganisha msomaji wa pili pale katikati alipofika wa kwanza, kisha ikarudi mwanzo kumalizia sehemu iliyorukwa. Ni kama abiria anayedandia daladala katikati ya safari na kuzunguka nayo mpaka afike tena pale alipopandia. Kila kituo atakiona, lakini cha kwanza kwake si cha kwanza kwa mwenzake. Watu wawili wakiuliza swali moja kwa wakati mmoja wanaweza kupata orodha mbili zenye mistari ile ile kwa mpangilio tofauti, na zote mbili ni sahihi.

Hata kubadilisha toleo la programu kunatosha. Watumiaji wa MySQL walikuwa wamezoea kwamba wakijumlisha kumbukumbu kwa makundi, mathalani kilo za kila kijiji, majibu hutoka yakiwa yamepangwa. Toleo la 8.0 lililotoka mwaka 2018 liliondoa upangaji huo wa bure. Programu zilizokuwa zikiutegemea bila kuuomba zikaanza kutoa vijiji kwa mchanganyiko.

Maneno mawili tu

Dawa ni fupi. Lugha ya SQL ina maneno mawili ya kuagiza mpangilio, ORDER BY, yanayofuatwa na jina la safu itakayotumika kupanga. Ukiagiza kwa tarehe, mistari hutoka kuanzia tarehe ya zamani hadi ya karibuni. Ukitaka kinyume chake unaongeza neno DESC, yaani kwa kushuka. Mfanyabiashara anayetaka kuona wadaiwa wake kuanzia mwenye deni kubwa hupanga kwa safu ya deni, kwa kushuka.

Mwanachama wa kawaida halazimiki kuyaandika maneno hayo. Kazi hiyo ni ya mtengenezaji wa programu, au ya karani kwa kubonyeza kichwa cha safu kwenye skrini. Linalomhusu mwanachama ni kujua kwamba agizo hilo lipo au halipo, na kwamba lina mitego. Mitego mitano kati ya hiyo ndiyo huwagharimu wakulima na wafanyabiashara zaidi.

Namba zilizoandikwa kama maneno

Chukua mfano wa chama chenye wakulima sita waliopokelewa kwa stakabadhi namba 7, 8, 9, 10, 11 na 12. Kila mmoja anadai sh. 400,000, kwa hiyo deni lote ni sh. 2,400,000. Mnunuzi ameleta awamu ya kwanza ya sh. 1,200,000, inayotosha watu watatu. Chama kimekubaliana kwamba aliyetangulia kuleta mzigo atangulie kulipwa, na karani anaagiza orodha ipangwe kwa namba ya stakabadhi.

Kama aliyetengeneza programu aliifanya safu ya stakabadhi kuwa ya maandishi badala ya namba, orodha itatoka hivi: 10, 11, 12, 7, 8, 9. Kompyuta inalinganisha alama ya kwanza kwanza, kama kamusi inavyofanya kwa herufi. Kwa kuwa 1 iko kabla ya 7, basi 10 iko kabla ya 7. Watatu wa mwisho kufika watalipwa, na watatu wa mwanzo watasubiri. Hakuna aliyeiba wala aliyependelea ndugu yake, lakini dhuluma imetendeka, tena kwa kauli ya mkutano halali.

Dawa yake ni safu hiyo iwe ya namba. Kama stakabadhi zina herufi ndani yake na haziwezi kuwa namba tupu, basi zote ziwe na urefu mmoja kwa kutanguliza sifuri: 0007, 0008, 0009, 0010. Hapo hata upangaji wa kamusi utatoa jibu sahihi.

Tarehe nazo zina ugonjwa huo huo. Zikiwa zimeandikwa kama maandishi kwa mtindo wa siku, mwezi na mwaka, mzigo wa 03/11/2025 utatangulia ule wa 28/10/2025, kwa kuwa 0 iko kabla ya 2. Mkulima wa Oktoba anajikuta nyuma ya mkulima wa Novemba. Kanzidata zina aina maalumu ya safu kwa ajili ya tarehe, na hiyo ndiyo itumike. Anayelazimika kuandika tarehe kama maandishi aanze na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, yaani 2025-10-28.

Wanaolingana

Mtego wa pili ni wa watu wanaofungana. Tuseme tarehe 28 Oktoba chama kilipokea mizigo ya wakulima 40, na fedha zilizopo zinatosha 25. Orodha imepangwa kwa tarehe, lakini wote 40 wana tarehe moja. Agizo limekwisha kutimizwa, na kwa hao 40 kompyuta inarudi kwenye gunia la maharage: inatoa yeyote kwanza. Karani akiichapa orodha asubuhi na kuichapa tena jioni, huenda 25 wa jioni wasiwe wale wa asubuhi.

Hatari huongezeka programu inapoonyesha orodha kwa kurasa. Tuseme wakulima ni 120 na kila ukurasa una 50. Kwa programu nyingi, kila ukurasa ni swali jipya. Kama wanaolingana hawana utaratibu thabiti, mkulima mmoja anaweza kuonekana mwishoni mwa ukurasa wa kwanza na tena mwanzoni mwa ukurasa wa pili, wakati mwingine haonekani popote. Anayelipa kwa kufuata kurasa atamlipa mmoja mara mbili na kumruka mwenzake. Hesabu ya watu itakuwa 120 kama inavyotakiwa, kwa hiyo mkaguzi anayehesabu mistari tu hataona kasoro.

Ili kuepuka hilo, orodha ipangwe kwa safu zaidi ya moja, na ya mwisho iwe ile ambayo haiwezi kujirudia. Kwa chama, agizo linalofaa ni kupanga kwa tarehe, kisha kwa namba ya stakabadhi: ORDER BY tarehe, namba_ya_stakabadhi. Kwa kuwa hakuna stakabadhi mbili zenye namba moja, hakuna kufungana kunakobaki.

Pengo lisilojazwa

Mtego wa tatu ni safu iliyoachwa wazi. Mkulima ameleta mzigo lakini karani amesahau kuingiza tarehe. Je, atakuwa wa kwanza au wa mwisho? Inategemea programu. Orodha ikipangwa kwa kupanda, PostgreSQL na Oracle huweka mapengo mwishoni, wakati MySQL, SQL Server na SQLite huyaweka mwanzoni. Chama kikihama kutoka programu moja kwenda nyingine, mkulima asiye na tarehe anaweza kuruka kutoka mkiani hadi kichwani bila yeyote kumgusa.

Kwa mfanyabiashara, mtego huu huja kwenye bei. Anayelinganisha bei za mbolea za wauzaji kumi kuanzia ya chini anaweza kukuta juu kabisa muuzaji ambaye bei yake haijaandikwa. Si kwamba anauza rahisi, ila hajajibu. Ikumbukwe kwamba pengo si sifuri. Sifuri ni bei, pengo ni kutojua. Njia salama ni kumtaka mtengenezaji wa programu aseme waziwazi mapengo yawekwe wapi, na bora zaidi ni kuizuia programu kupokea mzigo usio na tarehe.

Majina na herufi

Vyama vingi hupanga kwa majina, na hapa upo mtego wa nne. Ndani ya kompyuta kila herufi ina namba yake. A kubwa ni 65, Z kubwa ni 90, na a ndogo ni 97. Programu inayopanga kwa namba hizo tu itamweka Zuberi kabla ya abdallah aliyeandikwa kwa herufi ndogo. Zipo programu zilizowekewa kanuni za lugha ambazo hazijali ukubwa wa herufi, lakini ni lazima mtu azichague.

Majina yenye king'ong'o yana shida ya ziada. Kwa kanuni ya namba, alama ya ' iko kabla ya herufi zote, hivyo Ng'wandu atatangulia Ngalawa. Kwa kanuni inayoipuuza alama hiyo, Ng'wandu atakuwa nyuma ya Ngonyani. Kibaya zaidi, kuna alama iliyonyooka na ile iliyopinda ambayo simu na kompyuta nyingine huiweka zenyewe. Kwa jicho zinafanana, kwa kompyuta ni alama mbili. Mkulima mmoja aliyeandikwa mara mbili kwa alama tofauti anaweza kukaa sehemu mbili zilizo mbali kwenye orodha, na anayetafuta majina yaliyojirudia kwa macho hatamgundua.

Vivyo hivyo, anayeandika Mzee, Mama au Mwalimu ndani ya safu ya jina anawakusanya wote hao kwenye herufi M. Cheo kiwe na safu yake, na jina libaki jina.

Daraja na miezi

Mtego wa tano ni mpangilio ambao watu wanaujua lakini kompyuta haiujui. Mfanyabiashara akipanga mauzo kwa majina ya miezi atapata Agosti, Aprili, Desemba, Februari, Januari, Julai, Juni, Machi, Mei, Novemba, Oktoba, Septemba. Akitazama taarifa hiyo haraka ili kuona kama mauzo yanapanda au kushuka kadiri mwaka unavyokwenda, atadanganyika.

Kahawa nayo ina madaraja. Kwa alfabeti, A iko kabla ya AA, ingawa punje za AA ni kubwa zaidi. Kwa miezi na madaraja, jedwali liongezewe safu ndogo ya namba: Januari 1, Februari 2, na kadhalika, halafu orodha ipangwe kwa namba hiyo huku jina likionyeshwa kwa msomaji.

Wanaotumia Excel

Wafanyabiashara wengi wadogo hawana kanzidata bali wana faili la Excel. Huko kuna hatari ambayo kanzidata haina. Kwenye kanzidata mstari hausambaratiki: jina, kilo na deni hutembea pamoja. Kwenye Excel, mtu akichagua safu ya majina peke yake na kuipanga, majina yanaweza kuhama na kuacha madeni mahali pake. Mdaiwa wa sh. 15,000 anajikuta anadaiwa sh. 150,000 za jirani yake.

Programu huwa inauliza kabla ya kufanya hivyo kama ihusishe na safu za pembeni. Jibu liwe ndiyo. Aidha, kabla ya kupanga, ihifadhiwe nakala ya faili, na iwepo safu yenye namba 1, 2, 3 na kuendelea kwa utaratibu kumbukumbu zilivyoingizwa. Kwa safu hiyo foleni ya awali inaweza kurudishwa wakati wowote.

Foleni ni fedha

Baada ya mitego hiyo kurekebishwa, linabaki swali ambalo hakuna mtaalamu wa kompyuta anayeweza kulijibu: nani anastahili kutangulia? Hilo ni swali la uchumi na la haki, na mahali pake ni mkutano wa wanachama.

Kusubiri kuna gharama. Mkulima anayedai sh. 400,000 na akalazimika kukopa sh. 200,000 za ada ya shule kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, atapoteza sh. 20,000 kwa kila mwezi anaokaa chini ya orodha. Mwingine hatakopa, bali atauza gunia lililobaki kwa wanunuzi wa kangomba, wanaonunua korosho nje ya mfumo rasmi kwa bei ya chini. Kwa maneno mengine, anayeamua mpangilio wa orodha anagawa fedha, hata kama hajagusa shilingi.

Kila mpangilio una wanaofaidi. Kwa tarehe ya kupokelewa, hufaidi wanaovuna mapema na walio karibu na ghala. Kwa kilo kuanzia nyingi, hufaidi wakulima wakubwa. Kwa kilo kuanzia chache, hufaidi wadogo, na kiasi kile kile cha fedha hufikia watu wengi zaidi. Kwa majina, hufaidi walewale wa A na B kila msimu, na wa Y na Z husubiri maisha yao yote bila sababu yoyote.

Chama kinaweza pia kuchagua bahati nasibu. Ila bahati hiyo ichezwe mara moja mbele ya mashahidi, namba aliyopata kila mmoja iandikwe kwenye safu yake, na orodha ipangwe kwa safu hiyo. Kuacha orodha bila agizo si bahati nasibu, kwa sababu hakuna anayeweza kuonyesha ilichezwa lini wala kuirudia ikathibitika.

Aidha, si lazima kuwepo na wa kwanza. Katika mfano wa wakulima sita, fedha zilizokuja ni nusu kamili ya deni. Chama kingeweza kumlipa kila mmoja sh. 200,000, na suala la nani yuko juu likaisha. Kwa fedha, mgao wa namna hiyo unawezekana mara nyingi. Kwa mifuko ya salfa au miche isiyogawanyika, foleni haiepukiki.

Maswali ya mwanachama

Suala hili linazidi kuwa na uzito kadiri kumbukumbu za kilimo zinavyoingia kwenye kompyuta. Nchini Tanzania, Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005 iliipa stakabadhi nguvu ya kisheria, na kuanzia msimu wa 2022/23 mbolea ya ruzuku imekuwa ikitolewa kwa wakulima walioandikishwa kidijitali. Malipo kwa simu, yaliyoanza na M-Pesa nchini Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, yamefanya orodha ya malipo itoke kwenye kompyuta na kufika kwenye mifuko ya watu ndani ya dakika chache. Zamani kosa la orodha lilionekana dirishani kwa mhasibu, watu wakipiga kelele. Leo linaweza kupita kabla ya yeyote kuiona karatasi.

Kwa hiyo mwanachama anayo haki ya kuuliza mambo manne kabla ya malipo au mgao. Kwanza, orodha hii imepangwa kwa safu gani? Pili, wanaolingana kwenye safu hiyo wanatenganishwa kwa kitu gani? Tatu, wasio na taarifa kwenye safu hiyo wamewekwa wapi? Nne, nani aliamua hivyo, na uamuzi huo umeandikwa kwenye muhtasari wa mkutano upi?

Karani anayejua kazi yake hatakasirika kwa maswali hayo. Ataweka jibu juu ya karatasi yenyewe kabla haijabandikwa kwenye ubao: "Orodha hii imepangwa kwa tarehe ya kupokelewa, kisha namba ya stakabadhi. Wasio na tarehe wako mwishoni na wanatakiwa kufika ofisini." Kwa maneno hayo, mwanachama yeyote mwenye stakabadhi mkononi anaweza kujitafuta, kujilinganisha na aliye juu yake, na kujua kama amedhulumiwa.

Gharama yake ni ndogo: mstari mmoja kwenye programu, mstari mmoja juu ya orodha, na mstari mmoja kwenye muhtasari wa mkutano mkuu. Msimu wa ununuzi haujaanza ndio wakati mzuri wa kuiandika yote mitatu, kwa kuwa siku hiyo hakuna anayejua bado yeye atakuwa wa ngapi.